Kifungo

Saa moja kasoro, theluji ya Łódź haijakanyagwa na mtu,
Wiesława Drozd anakula tufaha la kijani mbele ya maikrofoni.
Tufaha husafisha mate; bila hilo kila neno hulia tik, tik,
kama panya ndani ya gunia la njugu.
Viatu amevua. Amebaki na soksi za sufu,
bangili ameiacha kwenye kisahani cha chai,
maana chombo kile husikia hata wasiwasi wa nguo.

Kisha anasimama kwa mguu mmoja
(ufundi wake huo, hakufundishwa na mtu),
anapandisha mabega, anabana pua kwa ndani,
na mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye deni la makaa,
anakuwa kalunguyeye wa miaka sita
aliyepoteza kifungo cha koti.

Guzik, ndivyo walivyomwita. Maana yake kifungo.
Kwao ni kifungo cha koti tu.
Lugha yetu ndiyo inayojua la pili,
nami siwezi kulitamka jina lile
bila kusikia mlango ukikomewa.

Miaka thelathini na mmoja.
Alitumbukia kisimani mara kumi na moja kwa asubuhi moja
kwa sababu Zenobiusz, fundi mitambo, alitaka mwangwi wenye maji.
Alipiga chafya, alikoroma, alilia kwa kwikwi,
alibusu mgongo wa mkono wake mwenyewe
pale Guzik alipombusu bibi yake.
Malipo yalihesabiwa kwa mistari. Kwikwi si mstari.
Chafya si mstari. Alidai;
mhasibu akacheka, akadhani ni mzaha wa kalunguyeye.

Kwenye foleni ya nyama hakuna aliyemjua.
Mara moja tu alimkanyaga mtu, akaomba radhi kwa haraka,
sauti ikapanda yenyewe,
na mtoto mmoja mwenye kofia ya kufunika masikio akageuka,
akatazama chini, kimo cha goti,
akitafuta.

Nyumbani, Kajetan wa miaka saba alijiziba masikio kwa mto:
"Mama, nisomee kwa sauti yako."
Akajaribu ya kwanza: ya mchawi wa kipindi cha Jumatano.
Akajaribu ya pili: ya birika.
Akanyamaza, akapekua kooni
kama mtu anayetafuta ufunguo
mfukoni mwa koti alilokwisha kuligawa.
Alimsomea kwa kunong'ona.
Mnong'ono hauna mwenyewe.

Kisha uvimbe kwenye nyuzi za sauti, punje ya mtama,
na daktari akaandika: wiki sita, usitamke hata jina lako.
Studio haikungoja. Walimleta Oliwia,
binti aliyekua akimwiga Guzik bafuni,
akaigiza sawasawa, sawasawa mno,
hata ile kasoro ya herufi r
iliyotokana na jino la Wiesława lililovunjika mwaka wa mgomo.
Bibi akaomba kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa:
USINITAFUTE MIMI. TAFUTA KIFUNGO.
Akageuza karatasi, akaongeza:
na ule tufaha. La kijani.

Siku hizi sauti yake imebaki ya chini, ya kukwaruza,
kama kiti kinachoburutwa chumba cha juu.
Jumapili simu ililia, Kajetan, kutoka Gdańsk.
Alisikia "Halo," akasita.
"Naongea na nani?"

Wiesława akatazama dirishani.
Tramu ilipita tupu, taa zote zikiwaka.
"Subiri kidogo," akasema,
akashusha mguu chini.