Mifuko ya Gethin Prosser

Shingo, inchi kumi na tano na nusu.
Kifua, thelathini na nane. Mkono wa kushoto
umeuzidi wa kulia kwa upana wa kidole.
Hivyo ndivyo nilivyomjua Gethin Prosser, kwa futi,
katika chumba cha mavazi pale Cardiff,
mwaka ule alipocheza polisi asiye na jina
aliyesema, "Amekimbilia huku, bwana," akatoweka.

Sentensi moja. Akairudia mbele ya kioo changu
mara arubaini, mimi pini mdomoni,
hata nikaiota usiku, kwa Kiswahili.

Nikamshonea kanzu ya padri, joho la jaji,
koti la daktari wa tamthilia ya kila Jumanne
iliyodumu miaka kumi na mmoja. Wanawake wa Swansea
walimsimamisha sokoni wamwonyeshe vivimbe vya shingo.
Alivitazama kwa makini, muungwana yule,
akawasihi wakamwone daktari.

Nilishona pia suruali za wafu.
Alikufa mara kumi na tisa: kwa risasi, kwa sumu,
mara moja kwa kuanguka ngazini, keki mkononi.
"Kufa si kazi, Mwanakheri," aliniambia.
"Kazi ni kubana pumzi huku pua inawasha."

Taabu yake mifuko.
Akijisahau kidogo tu, mikono imezama humo.
Kidole chake cha shahada hakikuwa na ncha;
ililiwa na mashine ya kukandia unga
katika duka la mkate la baba yake, Merthyr,
naye ana miaka tisa.
"Izibe," waongozaji waliniagiza. Nikaziba.
Suruali mia mbili na ushei, mifuko yote bubu.

Na mtu aliyekosa pa kuificha mikono
akajifunza kuitumia.
Mtazame katika ile filamu ya mfungwa
anavyofungua barua ya bintiye kwa kidole kile kifupi,
polepole, bahasha isichanike.
Kwa bahasha hiyo walimpa sanamu ya shaba, London.
Jukwaani alimshukuru kila mtu, akanisahau.
Kesho yake akaja na mkate wa zabibu, uso umemwiva kwa aibu.
Sikusema kitu. Nilikula mkate.

Kisha simu zikapungua. Shingo, kumi na nne na nusu.
Babu katika tangazo la bima. Sauti ya bundi katika katuni.
Maneno yakaanza kumponyoka kama uzi tunduni mwa sindano;
waliyaandika kwenye kadi, wakazibandika nyuma ya birika.

Machi iliyopita, mvua na upepo, akapiga hodi.
"Nishonee suti. Si ya mtu mwingine. Yangu."
Nikatoa futi. Akasimama kama zamani, mikono kando,
hajui aiweke wapi, hana wa kumwelekeza.
"Mifuko mingapi?"
Akanyamaza kitambo. Nikadhani amesahau zamu yake.
"Yote," akasema.

Nilimaliza Alhamisi. Ijumaa alikuja bintiye,
akaniuliza kama maiti huvishwa viatu.
Nikamjibu: huyu alizoea kufa navyo.
Mfuko wa kulia nilikuwa nimeuongeza kina, inchi moja.