Kutoka ya Pili Kwenda ya Tatu

Treya kumi na mbili kutoka Sake,
na kila jioni nahesabu yaliyopasuka:
manne, sita, juzi tisa.
Kwenye mwinuko wa Ndosho gari linasita,
linawaza,
kisha linanipiga teke la mgongoni.

Gereji ya kwanza walisema giaboksi imekufa,
lete dola mia nane.
Mia nane ni mayai mangapi?
Nilianza hesabu, nikaiacha njiani.

Katungu hakusema kitu. Alichomoa kijiti,
akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena,
akanusa.
"Mafuta yameungua. Ulibadilisha lini?"
Nikatazama mawe meusi ya ua.

Sampu ikashuka. Kwenye sumaku
matope laini kama masizi ya sufuria,
hakuna chembe ya chuma.
"Vingekuwa vipande," alisema, "ningekupa pole."
Chujio jipya, mafuta mekundu,
akapima injini ikiwa moto, ikinguruma,
si kama wapimavyo wenye haraka.

Leo nimepanda Ndosho. Ya pili, ya tatu:
sikujua ilipoingia.

Nyumbani limepasuka moja.
Hilo ni la barabara.