Inchi Ishirini na Nne

Niliinunua Januari, wiki ya sare za shule,
cherehani iliponilipa kwa mara ya kwanza bila kunung'unika:
sketi arobaini na moja, rangi ya damu ya mzee,
kila kunjo nimelipiga pasi kwa mkono huu.
"Mama, hii haina makuu," kijana wa duka akasema,
"inakula stima kidogo, kama ndege."
Jina lake sikuwa nimelisikia popote,
herufi nne, kana kwamba waliishiwa wino.
Nikaipakata kwenye bodaboda kutoka mjini hadi Manyatta,
nimeifunga kwa blanketi la Akeyo,
na tulipokaribia kila tuta
nilimwambia dereva, polepole, kuna mtoto.

Nyembamba! Ile ya marehemu mama ilikuwa na kisogo
kama mtu aliyebeba gunia,
ilichukua meza nzima pamoja na heshima ya chumba.
Hii ukiitazama kwa ubavu haipo.
Nikaishonea kitambaa cheupe, maua pembeni
(nani Kisumu huacha kitu cha thamani kikae uchi?),
kitambaa kikawa kikubwa kuliko runinga.

Wiki ya tano, uzi.
Wa kijani, kutoka juu hadi chini,
vidole vitatu kutoka ukingo wa kushoto.
Nilidhani ni uzi kweli. Nilinyoosha mkono niuchomoe,
mazoea ya kazi,
kucha ikagonga kioo.

Fundi Olweny, nyuma ya Kibuye,
aliiwasha, akaizima, akaipapasa mgongo
kama mtoto aliyemaliza kunyonya.
"Kioo kipya ni bei ya runinga mpya.
Runinga mpya ni bei ya kioo kipya.
Chagua, mama."
Karatasi ya waranti ilisema mwaka mmoja.
Duka lilikuwa limehama. Pale sasa wanauza chipsi.

Basi tukaishi na uzi.
Mchezaji anakimbia, anaupita, anatokea ng'ambo akiwa mzima.
Msoma habari wa saa moja ana sikio moja la kijani.
Mawingu ya mtabiri wa hewa yanashonewa juu ya ziwa,
na mvua yenyewe ikija stima inapotea,
tunabaki gizani tukisikiliza bati.
Jioni watoto wa ploti hujaa hadi mlangoni, ndala nje,
na Bwana Kegode wa chumba cha nne, anayelipa kodi kwa kuapa,
huja na kigoda chake, akakiweka kushoto makusudi:
upande ule, asema, ndio jukwaa la wakubwa.

Mwezi wa sita mwalimu akaniita.
Akeyo alikuwa amechora watu:
daktari, askari, mama yake kwenye cherehani,
na kila mmoja amepigwa mstari wa kijani ubavuni, kwa rula.
"Nyumbani kuna tatizo?"
Nilitaka kusema, hakuna. Nilitaka kusema,
ndivyo watu walivyo
ukiwatazama kwa shilingi elfu nane.
Nikasema tu nitamnunulia rangi nyingine.

Krismasi tukapanda Riat, kwa dada yangu.
Ukuta mzima ni kioo, inchi sijui ngapi,
nyasi za uwanja karibu zinukie sebuleni.
Akeyo akasogea, pua nusura iguse.
Akaangalia kushoto. Akaenda kuchungulia nyuma.
"Mama, hawa wameshikwa na nini?"
Dada akacheka. Shemeji akacheka hadi akapaliwa na soda.
Mimi, mshonaji wa miaka kumi na saba,
nikawatazama wale watu wakubwa, wasafi,
wasio na pindo wala mshono,
na naapa niliona bega la mmoja wao
likianza kufumuka.