Fungu la Kumi na Saba

Jumamosi, nyuma ya soko la Memorial,
Mfinanga dalali kapanda juu ya kreti la soda,
kofia ya sufu, sauti ya mbao inayopasuliwa:

    "Vya Ulaya, vya Japani, vimevuka bahari,
    vingine havina jina, vyote havina hatari,
    ukivijua ni mali, usipovijua pambia gari!"

Pasi zimekwisha, blenda zimekwisha,
yamebaki mafungu ya ajabu.

Fimbo ya kuvulia samaki, haina uzi wala ndoana,
ina vitufe vinne na mkia wa waya.
Mzee Kiwelu anazungusha kigurudumu chake, krr, krr:
"Samaki wa hii anakaa wapi?"
"Ndani ya runinga," nikajibu,
wakanicheka mimi badala ya fimbo.

Glovu moja, ya kushoto, nyaya zimeshonwa vidoleni.
Aliyeichukua ana mizinga Uru; ataivaa akirina asali.

Mkeka wa plastiki wenye mishale minne,
wa kuchezea dansi mbele ya kioo.
Mama Aikaruwa kaupata kwa buku mbili.
Siku hizi anauanikia ulezi, kwake Kiboriloni,
kuku wanakanyaga mishale, mbele, nyuma, kulia, kulia,
na hakuna anayewahesabia pointi.

Mimi nikanunua fungu la kumi na saba:
mfuko wa rambo uliopigwa fundo,
buku saba, bila kufungua, ndiyo sheria ya Mfinanga.
Ndani, pedi ya gemu yenye alama za meno,
meno madogo, ya mtoto.
Na memori kadi, nyembamba kama biskuti,
ina kibandiko cha sungura wa sikio moja.

Usiku. Luku ina yuniti mbili.
Nikawasha runinga ya chogo pale karakana
(nachomea nyaya, ndiyo kazi yangu, mwaka wa tisa huu).
Maandishi ya Kijapani yakapanda kioo kama siafu.
Sijui hata neno.

Lakini shamba nalijua.
Nyumba ndogo. Kisima. Ng'ombe mmoja.
Na saa: mia mbili na kumi na nne.
Tarakimu hazihitaji mkalimani.
Mtu alikaa hapa saa mia mbili na kumi na nne,
kisha akatoka, hata geti hakulirudisha.
Magugu yamefika dirishani.
Ng'ombe akanigeukia. Kipovu juu ya kichwa,
ndani ya kipovu, nukta tatu.

Nikatafuta masale mpakani, kwa mazoea.
Nani angepanda masale kule?

Kadi imejaa. Nikitaka shamba langu
sharti nifute hili. Neno moja kushoto,
neno moja kulia. Mojawapo ni ndiyo.

Ndekirwa, kaka yangu,
alikuwa na kadi kama hii, ya kijivu,
enzi za kibanda cha gemu cha Pasua, jero kwa mechi.
Aliiandika kwa peni: NDEKI, USIGUSE.
Alipokwenda Durban asirudi, asipige hata simu,
mama aliuza vitu vyake kwa kilo
kwa mtu wa vyuma chakavu, kadi ikiwemo.
Mimi ndiye niliyeshika mzani.

Labda iko kwenye mfuko, umepigwa fundo.
Timu yake bado ya pili kwenye ligi,
imebakiza mechi tatu.

Nikashika pedi, dole gumba juu ya meno ya yule mtoto.
Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile,
mpaka kimoja kikatoa maji.
Nikamwagilia magugu na yote,
maana sikujua lipi ni zao.
Ng'ombe akala kitu.

Kisha yuniti zikakata.
Nikabaki gizani na pedi mkononi,
sijui kama kadi iliandika kwamba nilipita.