Mota ya Akiba

Tanuri la kioo halilali.
Likipoa, vyungu vyake hupasuka,
na faida ya mwaka mzima ikawa vigae.
Kaskazini ya Bohemia mtoto hulijua hili
kabla hajajua kusoma.

Usiku wa Februari, saa nane na robo,
mota ya feni ya Kovanda iliungua.
Hakuwapigia zimamoto. Alitupigia sisi,
sisi aliotupokonya mafundi wawili
na mchoro wa fanusi yetu ya matawi kumi na sita.
Mimi, mtunza daftari, nilikuwa macho na hesabu za zabuni ya hoteli.
Walikuwa wamebaki wawili: sisi na yeye.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.
Mimi nilichonga penseli.

Bi Zdislava alishuka, koti juu ya nguo ya kulalia.
Nikamwambia, "Tanuri lake likipoa, zabuni ni yetu,"
kwa sauti ileile ninayosomea jumla.
Alikuwa akitafuta glavu.
"Mota ya akiba iko wapi?"

Nimehudhuria madarasa ya jioni, nimesikia habari za utawala:
mkataba, ridhaa, hofu, kiti na mwenye kiti.
Hakuna aliyetaja toroli kwenye barafu,
mkuu wa kampuni akivuta, mlinzi akisukuma,
na mhasibu ameshika tochi, amenuna.

Tulikuta chungu kimoja kimeshapasuka.
Kovanda hakusema asante.
Alisema, "Nitie sahihi wapi?"
"Ya nini?" akajibu Bi Zdislava, akaomba spana.

Aprili Kovanda akashinda zabuni
kwa tofauti ndogo kuliko bei ya ile mota.
Mei tukapunguza watu kumi na mmoja.
Bi Zdislava aliwaita mmojammoja, mlango wazi.
Hakuandika barua. Hakunituma mimi.

Vendelín, mpulizaji wa miaka thelathini,
mashavu yamelegea kama mifuko mitupu,
alikaa bila kukaribishwa.
"Usiku ule ulikuwa mwema," akasema, "kwa mali ya nani?
Maana risiti imeletwa kwangu."
Kimya kikawa kirefu, tukasikia tanuri likipumua.
"Kweli," akasema Bi Zdislava. "Sikukuuliza."

Hapo ndipo ninapokwama.
Wema wenyewe naujua, nimeumulikia njia,
una kilo sitini na harufu ya grisi.
Kinachonikosesha usingizi ni lile *sikukuuliza*.
Saa nane ya usiku, chungu kinalia,
kiongozi aitishe kura?
Na asipoitisha, funguo za stoo alizishika kwa niaba ya nani?
Na mimi je, niliyetaka jirani apoe,
nilikuwa namtetea Vendelín, au jumla yangu?

Kovanda aliwaajiri wanne kati ya wale kumi na mmoja.
Vendelín hakuwamo.
Mota haijarudi, na hatujaidai.
Kila Desemba mkaguzi hugonga mstari ule kwa kidole:
"Hii ni mali, au ni hasara?"
Nayaacha maneno palepale, *imeazimwa*,
kwa penseli.