Bawaba ya Tatu

Nilikichora nyuma ya bili ya umeme,
Januari, Kuopio, theluji imefika dirishani:
mchana kochi, usiku kitanda,
sentimita mia na themanini na tatu kwa ajili ya Tauno,
asiyekubali kukunja magoti hata usingizini.

Gari lina mia na sitini na nane kwa upana.
Basi atalala kwa urefu, nikasema,
nikaanza kukata plaiwudi.

Jaribio la kwanza lilifunguka nusu,
likagonga nundu ya gurudumu, likagoma kama punda.
La pili lilifunguka lote
likaziba mlango wa friji, maziwa yetu ndani.
Tauno akacheka.
Nikang'oa skrubu ishirini na nne, moja moja,
wala sikumsemesha hadi chakula cha usiku.

Kesho yake, nikipiga pasi, nikaona
miguu ya meza ya marehemu mama
inavyopishana, inavyoshuka bila ugomvi.
Nikaacha shati likiungua.

Sasa fito zinaingiana kama vidole vya mikono miwili:
vuta zangu, zake zinabaki,
sponji inajilaza katikati.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Tulikilalia Aprili, kando ya ziwa,
barafu ikipasuka gizani.
Saa tisa usiku nikakijua:
bawaba ya tatu hulia
kila Tauno anapogeuka kunitafuta.

Mafuta ninayo, kopo zima.
Sijaipaka.