Ubini wa Zamu

Mtoto tulikuwa naye tayari.
Miezi kumi na moja tulimlea, kila Jumanne usiku,
katika chumba cha nyuma cha ukumbi, mtaa wa Broadfield, Crawley:
hita moja, kompyuta nne, soketi inayocheza.
Programu ya kubadilishana zamu,
ili anayetoka kazini Gatwick saa tisa usiku
ajue nani ana gari, nani anapitia Ifield,
nani yuko radhi kusimama badala yake
mwanawe akichemka homa.
Tukamwita Zamu. Jina halikuleta ubishi.
Ubishi ulianza kwenye ubini.

Zamu nukta nani?

Nukta com ilikuwa na mwenyewe,
mtu asiyeonekana, hajajenga, hajafyeka,
kazungusha waya tu na kubandika bei:
pauni elfu nne na mia tano.
Mugisho alicheka hadi akakohoa.
"Hata kwetu Bukavu," akasema, "tapeli wa viwanja
hukuonyesha walau udongo."

Gareth alitaka uk. Fupi, alisema, na ya hapa hapa.
Thivya, ambaye barua yake ya ukaazi
imelala Croydon huu mwaka wa tatu,
akarudia "ya hapa hapa"
polepole, kama mtu anayeonja chumvi.
Gareth akaiinamia chai yake.

Mimi nilikuwa wa io. Nakiri.
Herufi mbili nyembamba za kileo,
vijana wa programu wanazivaa kama raba mpya.
Nembo nilishaichora.
Nikasema: hizi hazina kabila wala nchi,
ni kuingia na kutoka tu, lugha ya mashine.

Noéline alikuwa anafunga mfuko wa taka.
Yeye haandiki programu. Ndiye anayetujaribia,
hubonyeza kila kitu mpaka kimoja kivunjike.
"Zina nchi," akasema.
Akavua glavu moja.
"Ni herufi za visiwa vyetu. Mama kazaliwa huko, Peros Banhos.
Waliondolewa wote.
Mbwa wao waliuawa kwanza."
Hakupandisha sauti. Alikuwa akitafuta kidole cha glavu
kilichogeukia ndani.
"Watu hawapo. Herufi zipo, zinakodishwa kwa mwaka.
Nani anapokea, sijui.
Mama hakupokea."

Niliifuta nembo.
Haikuchukua hata sekunde,
na huo wepesi ndio ulioniuma.

Njia nzima ya kurudi, ndege zikishuka juu ya kichwa,
nilikuwa natafuna neno moja.
Wataalamu wa lugha yetu, walipoitafutia anwani ya mtandao jina,
waliingia stoo wakatoka na la zamani: kikoa.
Nyanya yangu asingejua tovuti ni mnyama gani,
ila kikoa alikila:
leo kwangu, kesho kwako,
huyu mchele, yule kuni,
asiye na kitu akaja na mikono ya kuoshea vyombo.
Sikumbuki hata siku moja
mtu kuuliza sufuria ile ni binti nani.

Jumanne iliyofuata tukapiga kura.
Org, tano kwa mbili.
(Mmoja wa wale wawili hajajitaja hadi leo,
na Gareth anaapa si yeye.)
Pauni tisa na peni themanini.
Alilipa yeye kwa kadi, tukamrudishia kwa sarafu
zilizonuka mafuta ya chipsi za Mugisho.

"Mwaka ukiisha?" Noéline akauliza.
"Tunalipa tena," akasema Thivya.
"Kwa hiyo si yetu."
"Si yetu. Ni zamu yetu."

Aliligeuza jibu hilo mdomoni kwa muda,
akalikubali kwa kichwa.
Kisha akabonyeza kitufe cha pili kutoka juu
na ukurasa wote ukavunjika.